Yokote Ilivyohamia West Side

Moshi wa kuni za mtufaha una utamu ambao pua ikishaujua haiusahau. Mimi niliujua nikiwa na miaka kumi na mmoja, katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi, vuli tuliyohamia mtaa wa West Side mjini Buffalo, Marekani, katika nyumba ya mbao ya zamani yenye kibaraza kilichoinama upande mmoja. Moshi ulitoka uani kwa jirani, ukapenya kwenye mianya ya madirisha, ukashinda hata harufu ya maharagwe yaliyokuwa yakichemka jikoni kwetu. Koko wangu, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amejifunika blanketi mbili kwenye kochi. Akainua kichwa, akanusa, akanusa tena, na macho yake yakachangamka kidogo. "Kuko mutu anakausha samaki," akasema. "Wende uulize kama banauzisha." Nikavaa koti langu la msaada, ambalo mikono yake ilikuwa mirefu kuliko yangu, nikauzunguka uzio kwenda kutafuta samaki.

Samaki hawakuwepo. Nilimkuta mama mzee mfupi, amevaa koti la kiume lililomfika magotini, anachungulia ndani ya kibanda cha mbao kilichojaa moshi. Humo zilining'inia figili nyeupe, kila moja ndefu kama mkono wangu, zimefungwa kamba na ngozi yake imeanza kuwa ya kahawia. Nilipomweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba bibi yangu anataka kununua samaki, alicheka mpaka akashika mlango wa kibanda asianguke. Kisha akaingia ndani akaniletea vipande vya figili za mwaka uliopita, zilizokaushwa kwa moshi na kulazwa ndani ya pumba za mchele na chumvi. Koko alitafuna kimoja, akakunja uso, akanitazama kana kwamba nimemwonea, halafu akanyoosha mkono kuomba kingine. Jirani huyo aliitwa Kiyo. Kwa kuwa nyumbani kwetu mtu wa umri ule haitwi kwa jina tupu, tangu siku hiyo akawa Mama Kiyo, naye akaitika bila kuuliza sababu.

Sisi wenyewe tulikuwa watu wa nyanda za juu za Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Huko nilizaliwa tu. Kukua nilikulia katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, nilikosomea Kiswahili hiki ninachokiandika na alikozikwa baba yetu. Buffalo tulifika wanne: Mama, Koko, mimi na mdogo wangu Espoir. Mama alifanya kazi kiwandani huko Tonawanda na alirudi amechoka hata kuvua viatu. Aliyenilea hasa ni Koko. Tulilala kitanda kimoja, mgongo wangu ukiwa tumboni kwake, na sikujua njia nyingine ya kupata usingizi. Theluji ya kwanza ilipotujia kutoka ziwani, Koko alisimama dirishani akauliza ni ziwa gani hilo linalotapika barafu, maana ziwa alilolijua yeye lilitoa samaki. Baada ya hapo hakutoka nje tena. Hata kanisani aliacha kwenda, yeye ambaye kambini alikuwa akifika kabla ya mchungaji. Chakula akakipunguza, nyimbo akaziacha, na jambo lililokuwa likimla akalisema wazi tukiwa mezani: "Miye nikikufa huku mutanizika wapi? Mu barafu?" Mama akampigia simu mjomba, aliyeishi mji wa Louisville, kusini zaidi, mtaa wa Iroquois, ambako theluji huanguka kwa adabu na kuondoka mapema. Wakakubaliana kwamba mwisho wa Februari mjomba angekuja na gari amchukue Koko akaishi huko. Mimi sikuulizwa. Nililia bafuni bomba likiwa wazi ili nisisikike, nikaapa kwamba Koko haendi popote, ingawa sikuwa na njia yoyote ya kumzuia.

Nikaanza kupitia kwa Mama Kiyo kila nilipotoka shule, mwanzoni kwa ajili ya joto la jikoni kwake na baadaye kwa ajili ya Yokote. Yokote ni mji mdogo kaskazini mwa Japani, katika mkoa wa Akita, na Mama Kiyo aliuzungumzia kana kwamba uko nyuma ya kituo chetu cha basi. Aliondoka huko akiwa msichana aliyeolewa na Mmarekani. Mume akafariki, watoto hawakujaliwa, naye akabaki na nyumba ile na mji wake kichwani. Alimwaga unga mezani akanichorea kwa kidole. Hapa milima ya mashariki, hapa milima ya magharibi, na katikati yake bonde pana. Mto unakatiza mjini. Juu ya kilima kuna ngome nyeupe, na ukipanda huko siku ya anga safi unauona mlima Chokai kwa mbali, wenye theluji kileleni hata watu wa chini wanapoanza kutokwa jasho. Kuuzunguka mji ni mashamba ya mpunga mpaka miguuni mwa milima, na kwenye miteremko kuna bustani za matufaha. Hapo nikaelewa kwa nini kuni zake zilikuwa za mtufaha: aliziomba kwa wakulima wa nje ya Buffalo, na hakukubali nyingine. Alinipikia tambi za kukaanga za kwao, zenye yai juu na kiini kinachomwagika ukikigusa, na alinikataza kabisa kukivunja kabla sijala tambi za pembeni. Katika mambo ya tambi alikuwa mkali kuliko mwalimu wangu wa hesabu.

Lakini anayetawala Yokote, kwa maelezo yake, ni theluji. Huanguka mpaka madirisha ya chini hayaoni. Watu hupanda juu ya mapaa na mabeleshi kuipunguza, la sivyo nyumba itawaangukia. Kando ya barabara kuna mifereji ya maji yenye vifuniko; unafungua kifuniko, unatupa theluji ya mlangoni kwako, maji yanaibeba hadi mtoni. Zile figili hukaushwa kwa moshi kwa sababu baridi huwahi kuliko jua la kuzianika. Na upande wa kusini, mahali panapoitwa Masuda, matajiri wa zamani walijenga ghala zao ndani ya nyumba zao wenyewe, ghala zima lenye kuta nene za lipu na milango mizito inayong'aa, limekaa chini ya paa la nyumba ili theluji isiliguse. Hiyo nyumba iliyomo ndani ya nyumba ilinikaa moyoni. Usiku nilikuwa namhadithia Koko kitandani, kila siku kipande, na nilipofika kwenye ghala za Masuda alisema, "Ile ni batu ya akili." Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia akimsifu mtu. Kisha akauliza swali lake lilelile: watu hao wakifa, wanazikwa wapi? Kesho yake nikampelekea Mama Kiyo swali hilo. Alifuta mikono kwa aproni, akaniambia makaburi ya kwao hufunikwa kabisa mpaka yasionekane, lakini kila familia inajua la kwao liko wapi. Hubeba mabeleshi, huchimba njia hadi kwa wafu wao, wakawawashia moto. Nilipomfikishia Koko jibu hilo, aligeukia ukutani, na sikujua kama nimemtuliza au nimemwumiza.

Januari ilipokuwa inaisha ndipo Mama Kiyo aliponisimulia kuhusu kamakura. Katikati ya Februari, watu wa Yokote hujenga vibanda vya mviringo vya theluji, virefu kupita mtu mzima, halafu huvichimba ndani vikawa vyumba. Hutandika mikeka, huweka jiko dogo la makaa, na kwenye ukuta wa nyuma huchonga kishubaka cha mungu wa maji, kwa kuwa zamani kuna sehemu za mji zilizosumbuliwa sana na uhaba wa maji ya visima. Humo hukaa watoto. Wao ndio wenyeji, na wapita njia wazima ndio wageni wao. Watoto huwaita kwa lafudhi ya huko, haitte tanse, ingieni, ogande tanse, ombeni, na kila anayeingia hupewa kinywaji cha moto cha mchele, kitamu kama uji wenye sukari, na kipande cha mkate wa mchele uliochomwa kwenye makaa. Kando ya mto huchongwa vingine vidogo vya kutosha mshumaa mmoja tu, mpaka ukingo wote unawaka. Mama Kiyo hakuwahi kujenga hata kimoja Buffalo. Peke yake asingeweza, na hata angeweza, nani angeita na nani angeingia? Espoir, aliyekuwa na miaka saba na aliyeudhika kwa kutohesabiwa, akamwonyesha viganja vyake viwili.

Tulijenga kati ya uwanja wake na wetu, kwa theluji ambayo magari ya kusafisha barabara yalikuwa yameirundika pembeni. Tuliongeza, tukaikanyagakanyaga, tukaiacha ishikane, kisha tukaanza kuchimba. Koko alikuwa dirishani. Nilipoingia kubadilisha glavu zilizolowa, akaniuliza, "Bon, iyo nyumba ya ndama munajengea ngombe gani?" Kwetu milimani ndama hulala kwenye kibanda kidogo cha mviringo karibu na nyumba, na kwa kweli chetu kilifanana nacho. Nikamwambia ni cha wageni. "Bageni? Mu barafu?" Alicheka kwa dharau, lakini dirishani hakuondoka. Kesho yake tulianza kuchimba mlango, akagonga kioo kwa pete yake kwa nguvu mpaka tukageuka. Alikuwa akitufanyia ishara kwa mikono yote miwili: upepo unatoka ziwani, mlango mmeuelekeza ziwani, ndama watakufa. Mama Kiyo alimtazama, akautazama mlango, akainamisha kichwa kwa heshima kuelekea dirishani. Tukaziba tundu lile tukachimba mlango upande wa pili.

Tatizo lilikuwa kishubaka. Mama aliporudi kutoka kazini na kukiona, aliniuliza ni cha nini, nami nikamweleza kwa furaha yote kuhusu mungu wa maji. Aliweka mkoba chini taratibu. "Donc Mungu alitutoa mu vita yote ile," akasema, "ju tukuye kuabudia maji huku?" Akatangaza kwamba asubuhi kibanda kitavunjwa. Espoir akaanza kulalamika kwa Kiingereza, Mama akamjibu kwa Kiswahili, nami nikakaa katikati kama mkalimani wa watu waliokuwa wanaelewana vizuri sana. Ndipo sauti ikatoka kwenye kochi. "Maji ni ya nani?" Mama akageuka. "Ya Mungu, Mama," akasema. "Bon," akasema Koko. "Tutaomba mwenye maji." Akajifunika blanketi. Mama alikuwa mtu wa kubishana na wasimamizi wa kiwanda, lakini hakuwahi kumshinda mama yake mzazi, na kibanda kikapona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama Kiyo alileta jiko lake la makaa na sufuria ya kinywaji cha mchele, akatuvalisha makoti ya pamba ya kwao, akaketi pembeni kama mgeni, mikono mapajani. Sisi tukaita. Haitte tanse! Karibuni! Watu wakapita. Mmoja alitupungia mkono, mwingine akatupiga picha, wote wakakaza mwendo kwa sababu ya baridi. Sufuria ikabaki imejaa. Mama Kiyo aliendelea kutabasamu, lakini niliona jinsi tabasamu lilivyokuwa likimchosha, na nikaumia kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuumia kwa ajili ya mtu asiye wa nyumbani kwetu.

Koko aliyaona hayo yote kupitia kioo. Kwa mtu wa kwao, mgeni kuitwa mlangoni akapita bila kuonja kitu ni aibu inayoiangukia nyumba nzima, na sasa aibu hiyo ilikuwa ikitendeka mbele ya macho yake. Mlango wetu ukafunguka. Akatoka Koko, amefunga vitenge viwili juu ya koti, miguuni amevaa mabuti ya Mama, mikononi amebeba sufuria ya maziwa ya moto yaliyotiwa tangawizi. Mama alimfuata nyuma amemshika kiwiko. Koko alikanyaga theluji kwa uangalifu wa mtu anayepita kwa wakwe, akafika, akatugombeza: "Munaita batu na sauti ya panya?" Kisha akasimama mlangoni mwa kibanda na kuitoa ile sauti ya kwaya ambayo sikuwa nimeisikia tangu tushuke kwenye ndege. "Karibuni! Munapita wapi? Ingieni!" Mwanamke mmoja kutoka Burma, aliyeishi ng'ambo ya barabara, alisimama na watoto wake. Sidhani kama alielewa neno, ila sauti ile haikuwa ya kupuuzwa. Wakaingia. Akaingia mwanamume aliyekuwa akienda dukani, akaingia kijana mwenye vipokea sauti masikioni, na kufikia alasiri kulikuwa na watu wanaongoja zamu nje.

Hakuna aliyekunywa kabla ya sala. Koko aliweka kikombe cha maji kwenye kishubaka, akamshukuru Mungu kwa maji, akaanza kuyataja: chemchemi za kwetu, mito tuliyovuka, bomba la kambini na foleni yake, ziwa la huku ambalo alisema amelisamehe. Maziwa ya sufuriani yakapoa. Mama Kiyo alifumba macho, viganja vimegusana, akisali ya kwake kimyakimya. Tatizo jingine likawa makaa. Kule Yokote moto wa humo ndani ni mdogo, wa kuchomea mkate tu, lakini Koko hakuweza kumtazama mgeni akitetemeka. Aliongeza makaa, akaongeza tena, mpaka dari ikaanza kudondosha matone kwenye vichwa vya watu. Mama Kiyo akanivuta mkono, huku akicheka, nimwambie apunguze. Nikamwambia. "Mugeni hasikie baridi mu nyumba yangu," akajibu, akatupia kaa jingine. Nyumba yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na alilisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi. Akatazama pembeni akajifuta macho kwa ukingo wa mtandio.

Jioni paa lilikuwa limebonyea na sote tulikuwa tumelowa. Kitandani Koko alinukia makaa na tangawizi. "Toka nifike huku niko mugeni tu," akaniambia. "Banipa koti, banipa kochi, banipa hata chumvi. Leo miye nimepokea batu." Akalala kabla yangu, akikoroma kama zamani, nami nikabaki macho kwa furaha.

Mjomba alikuja na gari kama alivyoahidi. Koko alimketisha, akampa maziwa, akamwuliza habari za watoto wake wote na za kila jirani aliyemjua, na alipoulizwa mizigo iko wapi akasema, "Nani atapokea batu hapa mwaka kesho? Uyu mama iko peke yake." Alinyoosha kidole kuelekea kwa Mama Kiyo. Mjomba alirudi Louisville peke yake, na kwenye kiti cha abiria alifungiwa kopo la figili za moshi ambazo, alikuja kukiri baadaye, alizitupa kabla hajafika Columbus.

Columbus ndiko ninakoishi sasa, nikiwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Yokote sijafika. Simu yangu inaweza kunionyesha mto wake na ngome yake muda wowote, picha safi kabisa, lakini bado naiona vizuri zaidi ile iliyochorwa kwenye unga. Kamakura tulijenga kila mwaka hadi Mama Kiyo alipofariki. Koko alimfuata miaka michache baadaye, nyumbani, katika kile kitanda chetu. Wosia wake ulikuwa mfupi: azikwe hapohapo Buffalo, "lakini muchimbe njia." Kwa hiyo kila Februari naendesha gari kwenda kuichimba. Siku hizi theluji inakuja kwa kusuasua. Mwaka huu ilikuwa chache kiasi kwamba nililazimika kukusanya ya makaburi jirani, huku nikiwaomba radhi wenyewe, ndipo nikapata ya kutosha kibanda chenye ukubwa wa sufuria. Nikaupa upepo wa ziwa mgongo wake, nikawasha mshumaa ndani, nikaweka kikombe cha maji. Hapakuwa na mtu wa kumwita. Nikaita hata hivyo, kwa sauti kubwa, maana najua angenigombeza. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na maua akageuka, akasita, akaja. Nikammiminia maziwa ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai. Aliyanywa polepole akiutazama mshumaa, halafu akauliza ni nani amelala pale. Nikamwambia ni mwenyeji wangu, na kwamba maziwa hayo yametoka kwake.